Bondia Akigoma Kuendelea, Usiandike kwa Sauti ya Jukwaa

Wewe unayeanza kuripoti ndondi, ipo siku kengele ya raundi mpya italia na bondia mmoja asinyanyuke kwenye kiti chake. Ukumbi utanyamaza kidogo, watu hawajaelewa. Kisha wataanza kuzomea. Dakika hizo ndizo zilizotuharibia kazi wengi wetu.

Mimi niliharibu pambano langu la kwanza la aina hiyo. Mwisho wa raundi ya 5 bondia alimtikisia refa kichwa. Usoni hakuwa na tone la damu, na shabiki aliyekaa nyuma yangu alikuwa akipayuka "mwoga!" bila kupumzika. Nikaandika kwamba jamaa ameingiwa na woga, nikatuma. Nusu saa baadaye nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, msaidizi wake anaikata glovu kwa mkasi kwa sababu haivutiki. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba hadi vifundo vya vidole havionekani. Akaniuliza kama niliiona raundi ya 3, alipoanza kupigana kwa kushoto peke yake. Niliiona. Hata kwenye daftari niliiandika. Kelele za nyuma yangu ndizo zilizonifanya niisahau.

Sisemi uwapuuze mashabiki. Hasira yao nayo ni habari, na ina mizizi. Wamelipa tiketi, wengine wameweka dau, na kubwa kuliko yote, wamempa mtu yule heshima yao aibebe. Novemba 25, 1980, huko New Orleans, Roberto Durán alikataa kuendelea na pambano dhidi ya Sugar Ray Leonard katika raundi ya 8. Miezi mitano tu nyuma alikuwa amemshinda Leonard huyohuyo Montreal. Hakuwa ameangushwa, na kwa majaji alikuwa nyuma kwa pointi moja au mbili. Baadaye alisema tumbo lilimkaza. Kwao Panama, alikokuwa shujaa, watu waliwaka. Kushindwa wangekumeza, kuachwa njiani ndiko kulikowakwama kooni. Ukiripoti tukio kama hilo, andika maumivu hayo kwa haki, bila kuyageuza kuwa hukumu yako.

Maana jukwaa huona kwa mbali. Februari 25, 1995, London, Gerald McClellan alipiga goti mara mbili katika raundi ya 10 dhidi ya Nigel Benn, akahesabiwa mpaka kumi, pambano likaisha. Alikuwa akipepesa macho kwa namna isiyo ya kawaida. Wapo waliosema palepale kwamba amekata tamaa. Kumbe damu ilikuwa imeganda kwenye ubongo. Alipasuliwa, akapona kifo, lakini akabaki kipofu. Mimi hadi leo bondia akipepesa macho, naacha kuandika namtazama yeye tu.

Tazama pia ni nani aliyesimamisha pambano: bondia mwenyewe, kona (yaani kocha na wasaidizi wake), daktari au refa. Mashabiki huchanganya hao wote, wewe usichanganye. Mwaka 2019 Maxim Dadashev alikuwa akitikisa kichwa kukataa, anataka kuendelea, na kocha wake Buddy McGirt ndiye aliyemkatia pambano baada ya raundi ya 11. Siku chache baadaye Dadashev alifariki kwa majeraha ya ubongo. Ndiyo maana neno "kukimbia" silitumii kabisa kwa mtu aliyepanda ulingoni.

Daniel Dubois naye aliandamwa sana alipopiga goti mbele ya Joe Joyce Novemba 2020, hata na mabondia wastaafu. Mfupa wa tundu la jicho la kushoto ulikuwa umevunjika. Septemba 2024 akamzimisha Anthony Joshua raundi ya 5 pale Wembley. Wale waliomwita mwoga waliandika nini usiku huo, unaweza kukisia mwenyewe.

Siku hizi ripoti yangu ya kwanza huwa fupi: raundi ya ngapi, nani alimwambia refa, na nini kilionekana kwa macho. Kelele za ukumbi nazitaja kama kelele za ukumbi. Sababu naiacha wazi. Mhariri atakupigia simu anataka kichwa cha habari kikali, na anakitaka sasa hivi. Mwambie uko mlangoni, unamsubiri daktari atoke.