Baiskeli ya Milimani kwa Mfuko Ulio Nao

Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani niliinunua mpya kwa shilingi 18,000 katika duka moja hapa Nairobi, na kilichonivutia ni springi mbili, moja mbele na nyingine chini ya kiti. Haikutimiza miezi miwili. Kila nilipopanda kilima katika Msitu wa Karura, springi ya nyuma ilibonyea na kumeza nguvu zangu, na maungio ya fremu yakalegea hata gurudumu likawa linayumba kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Ndiyo maana namsihi kila mwenye bajeti ndogo aachane kabisa na springi ya nyuma. Springi iliyo imara ni ghali, na anayeuza baiskeli nzima kwa bei ya chini hana budi kubana kwingine: kwenye fremu, kwenye breki au kwenye gia. Kwa fedha hizo hizo utapata ya mtumba yenye fremu ya alumini na springi ya mbele pekee, nayo itakufaa zaidi hata kama rangi imechubuka.

Mtumba, hata hivyo, hukaguliwa kwa macho na vidole. Igeuze baiskeli juu chini juani, upitishe kidole kwenye viungo vilivyochomelewa, hasa pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Ukikuta ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, na muuzaji akashikilia kuwa ni mkwaruzo wa rangi tu, ondoka. Kisha ushike mnyororo mbele kabisa ya gia kubwa ya pedali, uuvute. Ukinyanyuka hadi ukaona nusu ya jino, mnyororo huo umekwisha, na huenda meno nayo yamelika. Hilo si la kukukimbiza, bali ni la kupunguziwa bei.

Breki za diski husaidia sana wakati wa mvua, udongo mwekundu unapoganda kwenye rimu, na diski zinazovutwa kwa kebo zinatosha. Kuhusu kimo sina mjadala: simama wima juu ya baiskeli, nyayo zote mbili chini, na kati yako na bomba la juu pabaki angalau sentimita 5, kwa kuwa fremu kubwa haipunguziki.

Mara ya pili nilikuwa na shilingi 25,000. Nilinunua baiskeli kwa 19,000, na zilizobaki nikazitenga kwa mnyororo mpya, tairi zenye meno makubwa, kofia ya kinga na ujira wa fundi. Fundi huyo, pale Kawangware, alikaza spoki moja baada ya nyingine, akizigonga kwa ukucha na kusikiliza mlio wake, na Jumamosi iliyofuata nilikipanda kile kilima cha Karura bila kushuka.