Kabla hujaandika kuhusu dagaa, uliza ni dagaa gani

Makala yangu ya kwanza kuhusu samaki ilikuwa ya dagaa. Nimekulia Mwanza, basi nikaandika bila wasiwasi kwamba dagaa ni samaki wa Ziwa Victoria. Msomaji wa Kigoma akaniuliza: "Ndugu mwandishi, na hawa wetu umewaweka wapi?"

Alisema kweli. Dagaa wa Kigoma ni wa jamii ya sadini. Huyu wetu, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, yuko karibu zaidi na samaki aitwaye ningu. Wanachofanana ni udogo, kuvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Pwani nako wako wengine. Tangu hapo, kiumbe yeyote ninayemwandika humtajia mahali anapoishi na majina anayoitwa na watu wa huko, kisha jina la kisayansi mara moja tu: Rastrineobola argentea kwa dagaa wa Victoria, Stolothrissa tanganicae kwa yule wa Ziwa Tanganyika, huko Kigoma, anayevuliwa sana. Ukilirudia kila aya, msomaji anakukimbia.

Kwa wadudu kazi ni ngumu zaidi, maana kwetu nge ni mdudu, buibui ni mdudu, kupe naye ni mdudu, ilhali sayansi inadai miguu sita. Usianze kwa kumsahihisha msomaji. Mwambie ahesabu. Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu kila pingili, tandu ana jozi moja (amtazame kwa mbali, tandu anauma).

Pweza ndiye aliyenifundisha zaidi. Nilishasoma kwamba ana mioyo mitatu, nikaiandika hivyo hivyo, na sentensi ikalala pale kama jiwe. Kisha wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, nikafuatana na akina mama wa Jambiani, Zanzibar, wanaovua pweza kwa miguu maji yakitoka. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, huyu akiogelea hafiki mbali, anachoka. Kutambaa ndiko kwake." Hapo nikaelewa nilichokuwa nimekisoma: moyo unaosukuma damu mwilini husimama pweza anapoogelea. Nilifuta aya nzima, nikaanza na maneno ya yule mama.

Siku hizi rasimu ya samaki naisoma kwa sauti kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwa wauza dagaa. Mara ya mwisho walinisimamisha kwenye aya ya kuanika. Nilikuwa nimesahau kutofautisha dagaa wa mchangani na wa kwenye chanja, na wao wanawatambua kwa kuwashika tu.