Seven Samurai na Sholay zinalinganishika

Ndugu, umeuliza kama filamu ya Seven Samurai (1954) inaweza kupimwa na Sholay (1975), maana moja ni ya samurai, wapiganaji wa zamani wa Japani, na nyingine ni ya Kihindi yenye nyimbo na vichekesho. Inawezekana kabisa. Zote mbili zina kijiji kinachoonewa na majambazi, na watu wanaokodiwa kukipigania.

Zinapoachana ni kwenye sababu ya vita. Kwa Kurosawa, mwongozaji wa Seven Samurai, wakulima hawana malipo ila mchele. Samurai wanne kati ya saba wanakufa, na kiongozi wao anakiri kwamba walioshinda ni wakulima. Kwa Ramesh Sippy, mwongozaji wa Sholay, vita ni kisasi cha Thakur, bwana wa kijiji anayewakodi wapiganaji, aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar Singh, mkuu wa majambazi. Kijiji kinabaki pembeni, adui anatawala filamu nzima. Amjad Khan, anayeigiza Gabbar, pale hana mpinzani!

Mimi ushindi naipa Seven Samurai, kwa lile pambano la mwisho kwenye mvua na tope. Sholay itafute ile yenye mwisho wa awali, ambayo Thakur anamuua Gabbar. Bodi ya ukaguzi ya India ndiyo iliyolazimisha mwisho ubadilishwe, polisi wakamkamata Gabbar.