Kwetu Amu, mpishi huangalia upepo kwanza

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, misimu bado inaamua unachopanda na unachopika nyumbani, au soko limekwisha kuifuta?" Nakaa Langoni, Lamu, mji ambao wenyewe tunauita Amu. Kwa kadiri ninavyoona, soko limefuta nusu tu. Nusu ya pili iko mikononi mwa upepo.

Wenzetu wa bara wakitaja msimu huwa wanafikiria mvua. Sisi tunaanza na pepo mbili za msimu, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi: jua kali, bahari imetulia, samaki wengi na bei yao inazungumzika. Kisha masika, ambapo Mei hutushushia mvua kuliko mwezi wowote. Kusi nayo hushika nguvu, bahari huchafuka, mashua ndogo hukaa gatini, na hapo ndipo mboga na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, huheshimika jikoni. Vuli yetu ni hafifu, maana kadiri unavyokwenda kaskazini mwa pwani ndivyo mvua inavyopungua. Kwa hiyo nikisoma ushauri wa kupanda misimu miwili ya mvua kwa mwaka, nasema ahsante na kufunga ukurasa.

Bibi yangu hakuwa akisema "panda Aprili". Alihesabu miongo, yaani kumi kumi za siku tangu Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili. Ni hesabu ya siku 365 isiyo na siku ya nyongeza, ndiyo maana kila miaka minne huachana na kalenda ya ukutani kwa siku moja. Manahodha waliitumia kusafiri, wakulima kupanda. Vijana wetu wanajua ratiba ya ligi ya Uingereza mpaka mechi ya mwisho, lakini leo tuko katika kumi la ngapi, muulize mzee.

Bustani yangu ni ua wa ndani wa nyumba ya mawe pamoja na sakafu ya paa. Mimea iko katika madumu yaliyokatwa, ndoo zilizopasuka na sufuria zilizotoboka. Udongo wa kisiwa ni mchanga, maji hupita tu, basi siri yote ni samadi, na Amu samadi ni ya punda. Tatizo lake ni kwamba punda hacheui kama ng'ombe, na mbegu nyingi za majani aliyokula hutoka nzima. Ukiitia mbichi utakuwa umepanda magugu. Irundike, imwagilie, ipindue mara kwa mara, uiache miezi mpaka harufu iishe na uone udongo mweusi unaomung'unyika. Hapo ndipo inafaa.

Maji ndiyo mtihani wenyewe. Maji matamu ya kisiwa hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunyonya mvua na kuihifadhi juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, nayo mchicha huionja kabla yako: ncha za majani huungua. Mimi natumia maji ya udhu. Nyumba yenye watu wanaoswali mara tano hutoa maji mengi, tena hayana sabuni. Kule Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, wana majabia ya kuvunia mvua, na laiti wenye nyumba za mjini wangeyathamini mabirika yao ya zamani badala ya kuyageuza stoo.

Sasa mimea. Mchaichai naugawanya mvua za kwanza zinapoanguka, maana kichaka kikizeeka katikati hukauka. Mlonge ni kukata tawi, kulichomeka wakati wa masika, basi. Kaskazi ikija hautaki maji mengi, nao ndio hutulisha majani mabichi wakati vingine vimenyauka. Mchicha ndani ya wiki tatu au nne unachumwa. Mrehani naukata maua kila yanapochomoza, ingawa ya upande wa kibarazani nayaacha kwa ajili ya vikuba, vishada vya maua ya kujipamba, kwani arusi hazingoji. Miche yote midogo naihamishia nyuma ya ukuta kusi ikianza, kwa sababu upepo ule hubeba chumvi ya bahari na kuipaka kwenye majani. Wadudu nawanyunyizia maji ya mwarobaini uliopondwa.

Kaskazi ni wakati wa kuweka akiba. Maembe yamejaa, jua halina utani, na hewa ni kavu kiasi cha kutosha kukausha kitu kabla hakijaota ukungu. Embe changa nazikatakata, natia chumvi, naanika juu ya paa chini ya kitambaa chepesi, halafu nazichanganya na pilipili ya kusaga, thumu, bizari na siki. Ndimu hupasuliwa nne bila kuachana, hujazwa chumvi na kukaa juani ndani ya chupa mpaka ganda lilainike na kugeuka rangi ya kahawia. Jaribu kazi hiyo Mei uone utakachofungua. Lakini majani ya mrehani, mnanaa na mchaichai hayaanikwi juani kamwe. Jua huondoka na harufu. Yatandazwe kivulini, penye upepo, mpaka yavunjike mkononi. Hayo ndiyo chai yetu ya kipupwe, pamoja na tangawizi kutoka sokoni.

Kuna kalenda nyingine inayopita juu ya hii. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2015 ilianza Juni, kusi ikiwa juu, na uji wa pilipili manga ulipendwa kwa moto wake. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, joto la kaskazi, na jagi la ukwaju ndilo lililotangulia kuisha mezani. Futari ni ile ile, ila upepo huibadilisha uzito.

Nirudi kwenye soko. Sukuma wiki na nyanya hutufikia kwa lori hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha kwa boti. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Tana yalipokata barabara ya Garsen, vibanda vilibaki vitupu na bei ikaruka. Nyumba zenye matembele, mlonge na kunde zilipika kwa tui la nazi kama kawaida. Sisemi kila mtu alime chakula chake chote. Kwenye madumu huwezi. Nasema ujue unachoweza kuchuma lori lisipofika.

Na hapa naomba nigombane kidogo. Siku hizi majani haya yanasagwa, yanatiwa kwenye vikopo na kuuzwa kwamba yanatibu sukari, presha na mengine yasiyotajika mbele ya watoto. Mlonge ni mboga nzuri sana. Mrehani ni chai nzuri. Mwenye sukari ale mlonge wake na dawa ya hospitali asiiache. Unga wa kijani usiojulikana ulikaushwa lini wala wapi, kwa bei ya kuku, mimi sinunui, hasa wakati mti wenyewe umesimama uani kwa jirani na haulindwi na mtu.

Kwa anayetaka kuanza: rundika samadi sasa, panda mvua zikishika. Mchicha wangu mmoja nimeuacha uzeeke kwa makusudi na mbegu zake zinatosha mtaa. Walioko Amu waje na karatasi ya kufungia, ila wasije saa za adhuhuri.