Shangazi zake humwita "Keusi": ni utani au ni dhambi?

SWALI

Assalaamu alaykum. Shekhe, mimi ni mama kutoka Kaloleni, Kisumu. Nina mabinti wawili. Mkubwa yuko kidato cha pili, ni mweusi na ana mwili. Mdogo amefuata rangi ya babake. Tangu utotoni wifi zangu humwita mkubwa "Keusi" na kumsifu mdogo mbele yake. Juzi kwenye harusi huko Mumias, mama mmoja alimshika mkono akauliza kama kweli hawa wametoka tumbo moja, na wanawake wote wakacheka. Tangu siku hiyo hali chakula cha jioni, hataki kwenda madrasa, na nimekuta krimu ya kujichubua chini ya godoro lake. Nikilalamika, wifi zangu husema huo ni utani wa shangazi, tena eti Mtume (s.a.w.) mwenyewe alisema mwanamke huolewa kwa uzuri wake. Je, kweli hapo hakuna dhambi? Na mtoto nimsaidie vipi?

JIBU

Wa alaykumussalaam warahmatullah. Dada yangu, dhambi ipo, na si ndogo kama wifi zako wanavyodhani.

Siku moja Bibi Aisha (r.a.) alimtaja Safiyya, mke mwenzake, mbele ya Mtume (s.a.w.), akaashiria kuwa ni mfupi. Hakumtukana, wala Safiyya hakuwapo kusikia. Mtume akamwambia kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyachafua. Wamepokea hadithi hii Abu Daud na Tirmidhi. Aliyeambiwa hivyo ni Aisha, kipenzi cha Mtume, na kosa lake lilikuwa neno moja juu ya kimo cha mtu. Sasa wapime wanaomwita msichana jina la rangi yake miaka nenda miaka rudi, naye yuko mbele yao akiwaandalia chai.

Na Qur'ani imelisema wazi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewakataza watu kudharauliana, kisha akawataja wanawake peke yao: wasiwadharau wanawake wenzao, huenda hao wakawa bora kuliko wao. Aya hiyohiyo imekataza kuitana majina ya kejeli. Kwa hiyo hilo "Keusi" lina katazo lake ndani ya Kitabu, na udugu wa damu haulihalalishi.

Wanasema ni utani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitania, lakini hakusema ila haki, na hakuna aliyetoka kwenye utani wake akaenda kukataa chakula. Utani ambao wote wanacheka isipokuwa anayetaniwa ni dharau.

Ama hiyo hadithi waliyokutolea, ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, ila wameisoma nusu. Mtume alieleza kwamba mwanamke huolewa kwa mambo manne: mali yake, nasaba yake, uzuri wake na dini yake. Huko ni kueleza desturi ya watu. Amri yenyewe ipo mwishoni: mpate mwenye dini. Anayekata hadithi katikati ili apate hoja ya kumuumiza mtoto wa kaka yake, amemsingizia Mtume jambo zito. Ni kweli sheria inamruhusu mposaji kumtazama anayetaka kumwoa, lakini ruhusa hiyo ni ya mposaji kwa ajili ya ndoa. Hawakupewa mashangazi, wala majirani, wala wageni wa harusi.

Hapa niseme jambo linaloniuma kuhusu sisi Waislamu wa upande huu wa magharibi mwa Kenya. Msikitini Kisumu utamkuta Mluo, Mluhya, Mnubi, Mswahili, Mhindi na Mwarabu bega kwa bega katika safu moja. Tukitoka hapo, posa ikiingia nyumbani, swali la kwanza ni "msichana ni mweupe?" Wapo hata wanaoamini moyoni kwamba weupe una harufu ya Uislamu kuliko weusi, kwa kuwa dini ilitujia na watu wa pwani wenye damu ya Kiarabu. Huu ni ujahili, na Mtume aliuita hivyo. Abu Dharri (r.a.), sahaba mkubwa, alimtukana mtu kupitia mama yake, na katika baadhi ya mapokezi tusi lenyewe lilikuwa weusi wa mama huyo. Mtume akamwambia: "Wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahili." Na katika hotuba yake ya Hija ya kuaga alitangaza kwamba mwekundu (yaani mwenye ngozi nyeupe) hana ubora juu ya mweusi, wala mweusi juu ya mwekundu, ila kwa uchamungu.

Tena msidhani anaumia mkubwa tu. Huyo mdogo anayesifiwa naye anafundishwa kwamba thamani yake iko kwenye ngozi. Siku chunusi zikimtoka, au akizaa na mwili ukabadilika, atajiona hana kitu.

Sasa wifi zako wafanye nini? Kumwomba Mwenyezi Mungu msamaha ni lazima lakini hakutoshi, maana hii ni haki ya mja, yaani deni kwa mtu aliyedhulumiwa. Katika hadithi ya Muslim, Mtume aliwaeleza masahaba kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akampiga mwingine; basi hao watagawiwa mema yake mpaka yaishe. Haki ya mtoto ni haki kamili. Kwa hiyo wamwendee yeye mwenyewe, si wewe mama yake, wamwombe radhi kwa maneno yaliyo wazi, na jina hilo life siku hiyohiyo. Najua kwetu mtu mzima kumwomba radhi mtoto ni mlima. Waupande. Na kwa kuwa walimdhalilisha hadharani, ni bora radhi hiyo isikiwe na baadhi ya waliocheka.

Kwa binti yako, usimwambie tu "wapuuze". Safiyya alipolia kwa sababu Hafsa, mke mwenzake mwingine, alimwita binti wa Myahudi, Mtume hakumwambia apuuze. Alimpa la kujibu: wewe ni binti wa Nabii (katika uzao wa Harun), ami yako ni Nabii (Musa), na uko chini ya Nabii (mumeo), anajifakharisha kwako kwa lipi? Nawe mpe wako maneno kama hayo. Msomee Suratur Rum, aya ya 22, ajue kwamba kutofautiana kwa rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Msimulie kwamba sahaba Ibn Abbas alipotaka kumwonyesha mwanafunzi wake Ataa mwanamke wa Peponi, alimwonyesha mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa. Mwanamke huyo alikuwa amekwenda kwa Mtume kutaka dua, akakubali kuvumilia maradhi ili apate Pepo, akaomba tu asifunukwe nguo anapoanguka. Madaftari ya hadithi yamehifadhi habari zake hadi leo.

Na wewe mwenyewe, dada yangu, jichunguze ulimi. "Toka juani utakuwa mweusi", "punguza kula nani atakuoa": akina mama wengi husema haya kwa mapenzi, na mtoto huyabeba.

Hiyo krimu usimpigie kelele nayo. Kaa naye faraghani, mweleze kwamba nyingi ya hizo huwa na zebaki au hidrokwinoni, vitu ambavyo Shirika la Viwango la Kenya limevipiga marufuku katika vipodozi, na kwamba zebaki huingia mwilini ikaharibu figo. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Kama ameipaka kwa muda, mpeleke hospitali akapimwe, na mwambie daktari pia kwamba hali chakula vizuri. Mwalimu wake wa madrasa naye ajulishwe kilichotokea, ili akirudi asiulizwe mbele ya wenzake alikuwa wapi.

Wifi zako wakikataa, niletee mume wako baada ya swala ya Ijumaa. Hao ni dada zake, na msichana ni amana yake; kusimama mbele yao ni wajibu wake kabla haujawa wako.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.