Gia ya nne inachelewa? Anza na maji kabla hujashusha giaboksi

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji wa Njombe mwenye Toyota Carina ya 1998, otomatiki. Asubuhi gia tatu za mwanzo zinaingia vizuri, ila ovadraivu, yaani gia ya nne, haiji. Akiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umeganda karibu na 2,700 na injini inalia. Mchana jua likishawaka, gari lile lile linapanda gia ya nne bila ubishi. Fundi amemwambia giaboksi imechoka, atafute nyingine ya mtumba.

Ndugu yangu, usinunue giaboksi. Usiruhusu hata hiyo uliyo nayo ishushwe. Dalili ulizoziandika ni za gari lisilopata joto, na ninaamini kabisa kwamba giaboksi nyingi nzima zimefunguliwa kwa sababu tu hakuna aliyefungua boneti akaangalia mfumo wa maji.

Giaboksi za Toyota za miaka hiyo ambazo namba yake inaishia na herufi E, kama A245E, A246E na A340E, hazijipangii gia zenyewe. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ndiyo inayoamua, ikisoma mwendo wa gari, mkao wa pedali ya mafuta na joto la maji ya injini. Maji yakiwa ya baridi, inazuia ovadraivu kwa makusudi. Injini inaachwa izunguke juu zaidi ili ipate joto haraka. Kiwango hutofautiana kwa modeli, lakini chukulia kati ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi. Chini ya hapo gia ya nne haitaingia, hata ungekuwa na giaboksi mpya kutoka kiwandani.

Sasa jiulize, kwa nini maji yachelewe kupata joto? Kwa sababu themostati imetolewa. Hili linanichoma. Gari likichemsha mara moja, jambo la kwanza linalofanyika kwenye gereji nyingi ni kung'oa themostati na kuitupa, kisha mteja anaambiwa "hizi ni za nchi za baridi, huku kwetu hazina kazi." Si kweli. Themostati ya Toyota hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na ikifika 95 imefunguka kabisa. Kazi yake ni kuyafungia maji ndani ya injini mpaka yapate joto. Bila hiyo, maji yanazunguka rejeta tangu dakika ya kwanza, na kwa baridi ya Njombe au Limuru mwezi wa Julai injini inaweza kutembea kilomita nyingi bila kufika nyuzi 70. Ongeza feni iliyofungwa "dairekti", inayozunguka muda wote, na unakuwa na injini inayopoozwa kuliko inavyochemka. Gari linakula mafuta kama limechanika tangi, na bado lawama inaiangukia giaboksi.

Kinachoharibu themostati mara nyingi ni maji ya bomba. Kutu inajijenga, themostati inakwama ikiwa imefungwa, injini inachemsha. Dawa yake ni kusafisha mfumo, kufunga themostati mpya na kujaza kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta.

Kabla ya yote, thibitisha kwamba kinachochelewa ni ovadraivu kweli. Soma kibati cha namba za chesisi kwenye boneti au nguzo ya mlango, mahali palipoandikwa TRANS/AXLE. Ukikuta A131L au A132L, hiyo ni giaboksi ya gia tatu tu. Haina ovadraivu, na hakuna cha kutengeneza. Ukikuta namba inayoishia na E, nenda barabara tambarare, shika mwendo mmoja, utazame mshale wa RPM. Ovadraivu ikiingia, mzunguko hushuka karibu theluthi moja: kutoka 2,700 unakwenda chini kidogo ya 1,900. Ukiona unashuka 200 au 300 tu, hiyo ni lokapu, yaani toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) inajifunga, si gia. Watu wengi wanavichanganya viwili hivi, halafu wanamweleza fundi tatizo ambalo gari halina.

Kisha tazama kitufe cha O/D kwenye gia liva na taa yake kwenye dashibodi. Taa ikiwaka mfululizo, ovadraivu imezimwa kwa kitufe, au waya wake umechunika ndani ya liva na unagusana. Soda na chai zikimwagikia pale, kitufe hunata. Taa ikiwa inapepesa yenyewe, kontroli boksi imehifadhi kosa na inataka kusomwa.

Kusoma hakuhitaji mashine kwenye magari mengi ya umri huu. Zima injini, weka swichi ON, kitufe cha O/D kiwe kimebonyezwa ndani, yaani ON. Fungua kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC kwenye injini, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, uhesabu mipepeso ya taa ya O/D OFF. Kwenye zile zenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, unganisha pini ya 4 na ya 13. Ikipepesa haraka haraka bila kusita, hakuna kosa. Namba 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi (vali ndogo za umeme) za kubadili gia, 64 ni solenoidi ya lokapu.

Nisimame kidogo kwenye solenoidi, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kwenye giaboksi hizi gia ya kwanza inahitaji solenoidi namba 1 iwake, ya pili zote mbili ziwake, ya tatu namba 2 peke yake. Ovadraivu inahitaji zote mbili zizime. Kwa hiyo solenoidi iliyokufa umeme haiwezi kuwa ndiyo inayoizuia ovadraivu kila asubuhi na kuiachia mchana. Ukiuziwa solenoidi kwa dalili za msomaji wetu, taa haipepesi, na kipimo hakijafanywa, kataa. Kipimo chenyewe ni cha dakika mbili: chomoa soketi, pima kwa mita kati ya pini ya solenoidi na bodi ya giaboksi. Ikisoma omu 11 hadi 15, koili yake ni nzima.

Turudi kwenye maji, maana ndiko jibu liliko. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe na ushike hosi ya juu ya rejeta, ukichunga mikono na feni. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, hosi itabaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata joto, halafu itapata moto ghafla. Hosi ikianza kupata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Kuna kipimo kingine: ziba nusu ya rejeta kwa kipande cha boksi, uendeshe asubuhi hiyo hiyo huku jicho likiwa kwenye mshale wa joto. Ovadraivu ikiwahi kuingia kuliko kawaida, umepata jibu. Toa boksi mara moja. Hiki ni kipimo, si matengenezo.

Themostati ikiwa nzima, nenda kwenye sensa ya joto. Angalia vizuri, kwa sababu ziko mbili. Yenye waya mmoja inaendesha mshale wa dashibodi, yenye waya mbili inalisha kontroli boksi. Ndiyo maana mshale unaweza kusimama katikati huku kontroli boksi ikidhani injini iko baridi. Chomoa ile ya waya mbili uipime: kwenye nyuzi 20 isome kilo-omu 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 isome kilo-omu 0.2 hadi 0.4. Pini zikiwa na ukoga wa kijani, zisafishe kwanza, maana ukoga unaongeza ukinzani, na ukinzani mkubwa kwa kontroli boksi maana yake ni baridi. Hilo haliwashi taa yoyote, ila utaona gari linakunywa petroli na plagi zina masizi meusi.

Kama ovadraivu inachelewa hata injini ikiwa moto, pima sensa ya throto, ile inayosoma mkao wa pedali ya mafuta. Volti za VTA, waya wake wa ishara, ziwe 0.3 hadi 0.8 pedali ikiwa juu, na 3.2 hadi 4.9 ikikanyagwa mpaka mwisho, zikipanda bila kurukaruka. Zikiwa juu kuliko inavyostahili, kontroli boksi inadhani unataka nguvu na inashikilia gia ya tatu. Kwenye giaboksi za gia nne zinazoishia na L, kama A240L, kebo ya throto ndiyo inayopanga muda. Mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, kisha upime nafasi kati ya kistopa cha kebo na mwisho wa ganda lake: milimita 0 hadi 1. Ikikazwa kupita kiasi, gia huchelewa na kuingia kwa kishindo. Ikilegea, gia huwahi lakini klachi huteleza na kuungua.

Oili ya giaboksi ipime injini ikiwa moto na inanguruma, liva kwenye P baada ya kupita gia zote. Ukiimwaga, pima ulichomwaga na urudishe kiasi hicho hicho. Ikinuka kuungua, na injini inapaa mzunguko kabla ya gia ya nne kushika, hapo kweli klachi au breki ya ovadraivu ndani ya giaboksi imelika na giaboksi inabidi ishuke. Msomaji wetu hajaandika lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo kesho mwambie fundi arudishe themostati ya nyuzi 82 na mpira wake mpya, kale kapini kanakocheza kakiwa juu ili hewa ipate njia. Feni irudishwe kwenye swichi yake. Jaza kulanti taratibu injini ikiwa imewashwa na mfuniko wa rejeta uko wazi, mpaka mapovu yaishe. Asubuhi inayofuata, endesha ukiutazama mshale wa joto, na gia ya nne uisubiri pale mshale unapofika mahali pake.