Kompyuta inazima ghafla: dai kianzio chako, usinunue mazabodi

Mkuu, simama hapo hapo. Kama hela ya mazabodi (ile bodi kuu ya mashine) hujaimaliza, mpigie fundi sasa hivi umwambie umeghairi, anune akitaka.

Umesema desktop yako ya mtumba inazima pwaa ukiwa unahariri video. Haitoi onyo, kioo kinakuwa cheusi na feni zinanyamaza kwa pamoja. Fundi kakufungulia Event Viewer, lile daftari la matukio ndani ya Windows, kakuonyesha alama nyekundu ya Kernel-Power 41, kakwambia Windows imekufa, tupige upya, yaani aifute na kuiweka nyingine, ikikataa basi ni mazabodi, nawe ukampa kianzio. Aisee, hayo maneno nimeshayalipia mimi. Kwa bei ya jumla na ya rejareja.

Hiyo 41 haikwambii chanzo. Windows huiandika ikishawaka tena, inapogundua kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Chomoa waya ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, kisha washa: utaikuta 41 inakusubiri. Ingia kwenye maelezo yake utafute BugcheckCode. Ikiwa 0, hakuna kosa la Windows lililorekodiwa, na mara nyingi ni kwa sababu umeme ulikatika ghafla kabla haijaandika chochote. Kupiga Windows kwa ajili ya 41 ni kumfunga mlinzi kwa kosa la kuripoti wizi.

Yangu ilikuwa mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika Ulaya, nimeinunua Kariakoo, nzuri tu, ila ikifika jioni inazima. Nikampelekea fundi wa mtaani. Simtaji, bado tunapishana kwenye chapati. Akaanza kupiga Windows, na katikati ya kupiga, mashine ikazima. Mtu mwenye akili zake angeshtuka pale pale: Windows ya zamani imeshafutwa, mpya haijaingia, mashine bado inazima, sasa tunamlaumu nani? Fundi akasema flashi mbovu. Na mimi, msomi mzima, nikaenda kununua flashi.

Hapo bado. Alipofika kwenye ile orodha ya mafungu ya diski akafuta yote, C na D. D ndiyo ilikuwa na picha za harusi ya dada yangu na mahesabu ya duka la mama. Nilipomuuliza akanijibu, "Bosi, si ulisema nisafishe?" Nilisema asafishe vumbi! Dada mpaka leo akija nyumbani ananiuliza picha, namwambia bado nazitafuta. Mama kwenye mahesabu alikuwa mpole kidogo, maana ana daftari. Daftari halizimi.

Windows mpya ikaingia kwa taabu, mashine ikaendelea kuzima, ndipo likaja hilo la mazabodi. Laki mbili kasoro, ya mtumba, bila risiti. Pale kwa fundi ikawaka vizuri kabisa, akanichezea na muziki nisikie. Nikabeba kwa bodaboda, nikafika nyumbani, jioni: pwaa. Bodi yangu ya zamani alibaki nayo yeye, "skrapu hii, bosi, nakusaidia kutupa". Baadaye nimekwenda stesheneri kutoa kopi, wamefungua kava la mashine yao kwa sababu ya joto, nikaona bodi yenye kipande cha selotepu nyekundu pembeni ya betri. Selotepu niliibandika mimi. Hiyo skrapu inachapa barua za maombi ya kazi za mtaa mzima na haijawahi kuzima. Nililipa kopi zangu nikaondoka, ningesema nini?

Aliyeniokoa ni friji. Nilikuwa nimekaa tu, friji likaguruma kuanza, taa ya sebuleni ikafifia kidogo, na mashine ikazima hapo hapo. Nikaiwasha nikasubiri. Friji likapumzika, likaanza tena, mashine ikazima tena. Kwa fundi hakukuwa na friji, ndiyo maana kule ilikuwa malaika! Binamu yangu akafungua mashine yake, akanipa pawa saplai yake, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine, kwa usiku mmoja. Tukaifunga. Friji likaguruma, taa ikafifia, mashine haikutikisika.

Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa kuvukia pale wa ukutani unapoyumba. Nzima inaweza kuvuka karibu milisekunde 16 hivi bila mashine kuhisi kitu. Kapasita zikichoka kwa joto na miaka, hata mtikisiko mdogo unaiangusha. Na bila friji pia itaanguka prosesa inapovuta umeme mwingi, na kuhariri video ni katika kazi zinazovuta hasa. Sasa soma tena ulichoandika wewe mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaisema mpaka mods, wasimamizi wa jukwaa hili, wanifungie: USIPIGE WINDOWS, USINUNUE KITU CHOCHOTE, KABLA HUJAAZIMA PAWA SAPLAI NZIMA UKAIJARIBU. Kuazima, sijasema kununua. Fundi atataka kukufanyia ule mchezo wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikizunguka anatangaza "pawa nzima". Kuzungusha feni si kazi. Hata yangu ilizungusha, tena kwa madaha. Mwenye mita apime laini ya volti 12 mashine ikiwa kwenye kazi nzito: inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ila hata mita haiwezi kunasa mdondoko wa kufumba na kufumbua, ndiyo maana nasema azima.

Angalia plagi kabla hujabeba. Mashine nyingi za ofisini za Dell na HP hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye bodi, kwa hiyo tafuta pawa ya modeli ileile, na wati zisipungue za kwako. Ikiwa nyuma ina swichi nyekundu ya 115 na 230, iwe 230 kabla hujachomeka, la sivyo utasikia mlio na jirani atauliza kuna nini. Na lile boksi lenyewe usilifungue hata kama umechomoa waya. Zile kapasita zinaweza kubaki na mamia ya volti, na hakuna video ya thamani hiyo.

Joto nalo linazimisha, sikatai. Puliza vumbi, badilisha pesti ya prosesa, weka HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, utazame. Ikiwa inazima nyuzi zikiwa karibu na 100, hapo tuongee habari za feni.

Umesema jirani yako ana modeli kama yako. Mpelekee soda, muombe pawa yake jioni moja, funga, fungua ile video inayokusumbua uiache itoke mpaka mwisho huku friji likiwaka na kuzima litakavyo. Ikimaliza salama, nunua pawa saplai na hela ya kianzio udai. Na kama fundi keshafungua mashine, bodi yako ondoka nayo mkononi, hata akiapa kuwa ni skrapu.